Salfa ya Petroli Inapogoma Kushuka: Dalili, Vyanzo na Pa Kuanzia

Vijana wanaosoma uhandisi wa petroli pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakihitimu, wale watakaoingia kwenye usafishaji wa mafuta wengi wao wataupata nje: nchi za Ghuba, India, au Uganda kiwanda cha Hoima kikishasimama. Kwetu Tanzania usafishaji wa mafuta ghafi ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990 pale kiwanda cha TIPER, Kigamboni, na bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani linalokatiza Chemba na Kondoa ni la mafuta ghafi tu, halisafishi kitu njiani. Kwa hiyo mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye siku moja atakabidhiwa zamu ya usiku kwenye mtambo wa kuondoa salfa, kipimo cha salfa kinasoma ppm 40 (sehemu 40 kwa kila milioni) badala ya 20, na simu ya msimamizi inaita. Mafundi wa gereji nimewawekea sehemu yao mwishoni.

Natanguliza msimamo wangu. Joto la riakta, chombo ambamo salfa inang'olewa, ndilo kitu cha mwisho kuguswa. Kwenye mitambo hii nimeona watu wenye akili zao wakikimbilia kupandisha joto kila salfa inapopanda, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi namba hushuka kweli. Lakini joto linaficha chanzo, linakula uhai wa kichocheo (dutu inayoharakisha kazi ndani ya riakta), na linaunguza oktani, yaani uwezo wa petroli kuungua bila injini kugonga, ambayo kiwanda kimeitafuta kwa gharama kubwa.

Mtambo wenyewe, kwa ufupi

Petroli ya sheli ni mchanganyiko wa petroli za aina kadhaa. Ile inayotoka kwenye mtambo wa kupasua mafuta mazito, unaojulikana kwa herufi FCC, huwa kama theluthi ya mchanganyiko au zaidi kidogo, lakini ndiyo inayobeba karibu salfa yote: asilimia 85 hadi 95. Hiyohiyo ndiyo yenye olefini nyingi, yaani molekuli zenye kifungo pacha cha kaboni, na olefini zinaipa oktani. Hidrojeni tunayoiingiza ili iing'oe salfa, ikiikuta olefini nayo huishibisha, yaani hukivunja kifungo hicho pacha. Heksini-1, olefini mojawapo, ina oktani kama 76. Ukiishibisha inakuwa heksani nyoofu, oktani 25. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kung'oa salfa si kazi ngumu, kazi ni kuing'oa huku olefini zikibaki salama.

Mpangilio uliozoeleka una hatua tatu. Riakta ya kwanza, kwenye nyuzi 150 hadi 200, hutuliza diolefini (zenye vifungo pacha viwili, nyepesi kugeuka gundi) na kuunganisha merkaptani nyepesi, aina ya salfa yenye harufu kali, na olefini ziwe salfaidi nzito. Kisha mnara hutenganisha: petroli nyepesi hupanda juu na olefini zake ikiwa karibu haina salfa, petroli nzito hubaki chini na mzigo wote. Nzito ndiyo huingia riakta ya pili, yenye kichocheo cha kobalti na molibdenamu juu ya alumina, kwenye nyuzi kama 260 hadi 320 na presha ya wastani tu, bar 15 hadi 25. Salfa hutoka kama gesi ya hidrojeni salfaidi, H2S. Gesi inaoshwa kwa amini, kimiminika kinachofyonza H2S, na kurudishwa na kompresa. Petroli inapita kwenye mnara wa kukamulia H2S iliyobaki.

Kabla ya yote: namba ni ya kweli?

Chukua sampuli ya pili. Fungua vali ya sampuli uache mafuta yaliyolala bombani yatoke kwanza, na tumia chupa ambayo haijawahi kubeba malisho, yaani petroli inayoingia mtamboni kabla ya kutolewa salfa. Malisho yenye ppm 900 yakibaki kwenye chupa kwa kiasi cha asilimia moja tu ya ujazo wake, yameongeza ppm 9 kwenye jibu lako. Kama sampuli imechotwa kabla ya mnara wa kukamulia, H2S iliyoyeyuka ndani yake nayo inahesabiwa na mashine, hivyo maabara lazima waiondoe kabla ya kupima. Shughuli hii ni ya nusu saa, na imewaepusha wengi na hasara ya wiki nzima.

Salfa imepanda ghafla, ndani ya saa chache

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo makosa makubwa hufanyika. Washukiwa ni wanne, na kila mmoja ana alama yake.

Wa kwanza ni malisho. Piga simu FCC uulize: mafuta ghafi yamebadilika? Mtambo wa kusafisha malisho ya FCC umepitwa kando? Kisha angalia nyuzi za mwisho za mchemko wa petroli yao. Benzothiofeni, aina ya salfa nzito, huchemka kwenye nyuzi 221, kwa hiyo mtu wa FCC akisogeza mwisho wa mchemko juu kidogo ili apate petroli nyingi zaidi, anakuletea rundo la salfa ambalo jana halikuwepo. Dawa yake haiko kwenye riakta yako, iko kwenye mnara wao.

Wa pili ni kaboni monoksaidi, na huyu nawaomba mumjue vizuri. Hidrojeni inayotengenezwa kwa gesi asilia na mvuke hubaki na kaboni monoksaidi ikiwa hatua ya kuitakasa imeyumba. Kiasi kidogo tu kinatosha kukilewesha kichocheo cha kobalti na molibdenamu, maana inakalia sehemu zilezile ambazo salfa ilipaswa kushikwa. Amini haiiondoi, hivyo kila gesi inapozunguka inazidi kujilimbikiza. Alama yake ni hii: salfa ya bidhaa inapanda, na wakati huohuo tofauti ya joto kati ya mlango wa riakta na kutokea kwake inapungua. Kazi imepungua, kwa hiyo na joto la kazi limepungua. Pima gesi inayozunguka, piga simu mtambo wa hidrojeni, toa sehemu ya gesi nje ya mzunguko. Uzuri wake ni kwamba haiui kichocheo. Ikiondoka, nguvu hurudi.

Sasa mfikirie mtu aliyepandisha joto nyuzi 10 wakati kaboni monoksaidi ipo. Salfa inashuka, anapumua. Alfajiri mtambo wa hidrojeni unatengemaa, kaboni monoksaidi inaondoka, na kichocheo kinazinduka kikiwa kwenye joto lisilo lake. Olefini zinashibishwa kwa wingi, joto linaruka, oktani inaporomoka, na zamu inayofuata inakuta tatizo jipya ambalo chanzo chake hakikuandikwa popote.

Wa tatu ni H2S yenyewe kurudi mtamboni. Amini ikichoka, ikichafuka au mzunguko wake ukipungua, gesi inayorudi inabaki na H2S. Gesi hii inabana kazi ya kichocheo, na zaidi ya hapo, mwishoni mwa riakta inaungana upya na olefini zilizobaki na kuzaa merkaptani. Yaani salfa uliyokwisha kuing'oa inarudi kwa mlango mwingine. Alama yake: tofauti ya joto la riakta haijabadilika sana, lakini maabara wakipima merkaptani peke yake wanakuta ndiyo sehemu kubwa ya salfa ya bidhaa. Waombe kipimo hicho waziwazi, usitosheke na jumla. Tibu amini: joto lake, wingi wake, usafi wake, na kiasi cha H2S inachorudi nacho kutoka kwenye mnara wa kuikamua. Viwanda vingine huweka riakta ndogo ya kumalizia kwa ajili ya merkaptani hizi hasa.

Wa nne ni kibadilisha joto kinachovuja. Malisho baridi hupashwa na bidhaa moto inayotoka riakta, na upande wa malisho ndio wenye presha kubwa. Mrija ukitoboka, malisho yanaruka riakta na kuingia moja kwa moja kwenye bidhaa. Hesabu yake ni fupi. Tuseme malisho yana ppm 900, riakta inatoa ppm 20, na uvujaji ni asilimia 2. Bidhaa itasoma 0.98 × 20 kuongeza 0.02 × 900, yaani karibu 38. Pandisha joto mpaka riakta itoe sifuri, bado utabaki na 18 za uvujaji, na oktani utakuwa umeimaliza.

Huyu hukamatwa kwa sampuli mbili: moja mara tu baada ya riakta, nyingine baada ya kibadilisha joto, zote zikiwa zimeondolewa H2S. Zikitofautiana, umempata. Ushahidi mwingine ni diolefini: riakta haiachi diolefini hata kidogo, kwa hiyo zikionekana kwenye bidhaa, hazikupita humo.

Petroli nyepesi imekuwa na salfa

Swali ni moja tu: ni salfa ya aina gani? Ikiwa merkaptani, riakta ya kwanza imechoka au haina hidrojeni ya kutosha, haiunganishi tena. Ikiwa thiofeni, aina nyingine ya salfa, riakta haina kosa. Mnara unakata juu mno, yaani nyuzi zinazotenganisha nyepesi na nzito zimewekwa juu. Thiofeni huchemka kwenye nyuzi 84, na ukikata karibu na hapo unaibeba juu. Shusha mkato, ukubali kwamba olefini kidogo zitaenda chini.

Salfa inapanda polepole, wiki kwa wiki

Kichocheo kuzeeka ni jambo la kawaida. Kaboni inajijenga juu yake, na joto hupandishwa kidogokidogo kulifidia. Hapa joto lina haki yake. Chora grafu ya joto linalohitajika kufikia salfa ileile kwa malisho yaleyale. Mstari ukiwa mnyoofu na mwinuko wake mdogo, endelea na kazi. Mstari ukipinda juu, kuna sumu inaingia. Aseniki ndiyo mbaya kuliko zote, kiasi kidogo kinaua kichocheo moja kwa moja. Silikoni hutoka kwenye dawa ya kuzuia povu inayotumika kwenye mitambo ya koka, ile inayopasua masalia mazito kabisa ya mafuta, hivyo uliza kama kuna petroli ya koka imechanganywa kwenye malisho yako. Sumu hizi hazitoki kwa kupasha moto. Kinachosaidia ni kuzizuia mlangoni kwa tabaka la kichocheo cha kujitoa mhanga.

Na kama kichocheo ni kipya kabisa na hakifanyi kazi, rudi kwenye kumbukumbu za siku kilipoamshwa. Kobalti na molibdenamu huja kama oksidi na lazima zigeuzwe salfaidi kwa kuingiza kemikali yenye salfa. Hidrojeni moto ikizifikia kabla ya salfa, metali hujirejesha kwenye hali ambayo haigeuki tena vizuri, na upotevu huo haurudi. Tofautisha na kichocheo kipya kilichoamshwa vizuri: hicho siku za mwanzo huwa kikali kupita kiasi, na kinachoumia ni oktani.

Oktani imeanguka, salfa iko chini kuliko lengo

Watu hulipenda tatizo hili kwa sababu ripoti ya salfa inapendeza. Mimi silipendi. Kama lengo la petroli nzima ya FCC ni ppm 30 na wewe unatoa 8, unamwaga oktani bure kwa ajili ya namba ambayo hakuna aliyekuomba. Fanya hesabu kuanzia mwisho: petroli ya FCC ikiwa theluthi ya mchanganyiko na zilizobaki karibu hazina salfa, ppm 30 inafika 10 kwenye tanki la bidhaa. Kumi ndicho kiwango cha Ulaya tangu 2009.

Pima namba ya bromini, kipimo cha wingi wa olefini, kabla na baada ya riakta ujue olefini ngapi zimepotea. Zikipotea nyingi kwa salfa ileile, angalia mkato wa mnara: ukikata chini mno, olefini nyepesi zinaburutwa kwenye riakta kali bila sababu. Kisha presha, kwa sababu presha kubwa hupendelea kushibisha. Kisha tazama vipimajoto vilivyopangwa kuzunguka riakta kwenye kimo kimoja. Vikitofautiana sana, mtiririko umepata njia ya mkato upande mmoja. Pale palipo moto olefini zinakufa, pale palipo baridi salfa inapita, na wewe unaona wastani mbaya wa vyote viwili.

Tofauti ya presha kwenye riakta inakua

Karibu kila mara ni gundi. Diolefini zikikutana na oksijeni huungana na kuwa kitu kama lami, kikaganda kwenye vibadilisha joto na juu ya tabaka la kwanza la kichocheo. Uliza malisho yametoka wapi. Yakija moto moja kwa moja kutoka FCC, tatizo huwa dogo. Yakiwa yamelala kwenye tanki lisilofunikwa kwa nitrojeni, au yameletwa na meli kutoka kiwanda kingine, hapo ndipo oksijeni ilipoingia. Mshukiwa mwingine ni kutu na salfaidi ya chuma kutoka kwenye mabomba ya juu. Hizo huzuiwa na chujio, basi kagua chujio kwanza.

Ikibidi kufungua riakta na kukwangua tabaka la juu, fanyeni chini ya nitrojeni. Salfaidi ya chuma huwaka yenyewe ikigusa hewa. Na H2S msiitegemee pua: kuanzia kama ppm 100 hewani pua hufa ganzi, mtu anadhani gesi imeisha kumbe ndiyo imezidi. Kipima gesi kivaliwe kifuani, kila mtu chake.

Joto la riakta linakimbia

Huu si wakati wa kutafuta chanzo. Punguza moto wa tanuru, ingiza gesi baridi ya kupoza, na kama halishiki fuata utaratibu wa dharura wa kushusha presha. Chanzo utakitafuta baadaye, na mara nyingi utakuta ni malisho yenye olefini nyingi yaliyoingia ghafla au kaboni monoksaidi iliyoondoka kama nilivyoeleza.

Bidhaa ina salfa ya chini lakini inaunguza bamba la fedha

Bamba la fedha au la shaba huzamishwa kwenye petroli kuona kama litaungua. Jumla ya salfa na ukali wa salfa ni vitu viwili. H2S kidogo iliyobaki kwa sababu mnara wa kukamulia haupati joto la kutosha, ikikutana na oksijeni kwenye tanki, huzaa salfa tupu. Hii hula fedha kwa kiwango ambacho bamba la shaba huenda lisionyeshe kitu. Viwambo vya geji ya mafuta, vile vinavyopima kimo cha mafuta ndani ya tanki, kwenye magari mengi vina fedha. Mwaka 2004 huko Florida, Marekani, petroli ya namna hii iliharibu geji za magari mengi na kulazimu mafuta kuondolewa sokoni. Ongeza mvuke chini ya mnara, na pima bamba la fedha hata kama la shaba limefaulu.

Kwa mafundi wa Kizota, Majengo na kwingineko

Magari mengi ya hapa Dodoma yametoka Japani yakiwa yametumika, na masega yake, yaani kichocheo cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, mengi yalibuniwa kwa petroli ya ppm 10. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu petroli hadi ppm 150, dizeli 50. Tofauti hiyo haivunji gari, ila masega yanaihisi. Salfa hujikusanya humo gari linapotembea taratibu mjini, kisha dereva akikanyaga mafuta hutolewa kama H2S, na abiria wa nyuma wanasikia yai viza. Watengenezaji wa mvinyo wa hapa wanaijua harufu hiyo, maana zabibu zilizopuliziwa salfa karibu na mavuno huweza kuizaa kwenye pipa.

Kwa hiyo gari likija na harufu hiyo na msimbo P0420, ambao kompyuta ya gari hutoa ikiona masega hayasafishi moshi vya kutosha, usikimbilie kung'oa masega. Kagua kwanza plagi inayokosa moto, ekzosi inayovuja kabla ya sensa, na injini inayopewa mafuta mengi kupita kiasi. Kisha mwambie mwenye gari alipeleke safari ndefu ya barabara kuu, injini ikiwa moto kwelikweli, halafu usome upya. Sumu ya salfa kwenye masega kwa sehemu kubwa huondoka kwa joto. Risasi ndiyo haikuondoka, na hiyo ilitolewa kwenye petroli ya Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006.

Plagi zenye rangi ya matofali si salfa. Ni manganizi au chuma kutoka kwenye viongeza oktani. Injini inayogonga mlimani si salfa; ni oktani ndogo, au mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Geji inayosema tanki limejaa wakati limekauka, hiyo inaweza kuwa salfa: toa kiwambo, tazama kama mistari yake imekuwa myeusi.

Vinasaba vinavyowekwa kwenye mafuta tangu 2010 hukamata uchakachuaji na ukwepaji kodi, havipimi salfa. Ukishuku salfa, kwa mfano magari kadhaa yaliyojaza sheli moja yakawa na geji nyeusi ndani ya wiki ileile, chota petroli kutoka kwenye tanki la gari kabla hujalimwaga, uiweke kwenye chupa safi ya kioo cha rangi iliyojazwa karibu na mdomo ili hewa isibaki, andika tarehe, sheli na namba ya pampu, ambatanisha risiti, uhifadhi mahali pa baridi mbali na moto. Makao makuu ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, yako hapahapa mjini. Peleka malalamiko pamoja na taarifa hizo zote, na uombe wazi kipimo cha bamba la fedha, si jumla ya salfa peke yake.